Weusi Ndani ya Kofia

Jumatatu, Machi 2

Mvua imeanza leo. Na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu daktari anasema presha yangu haitashuka mpaka niache kugombana na watu. Sawa. Nitagombana na karatasi.

Shemeji ameleta kurasa asubuhi, koti limelowa, kurasa zimekauka ndani ya mfuko wa plastiki. Nitaeleza mara moja tu ili nisirudie. Shemeji ni mume wa marehemu dada yangu. Anachora kwa penseli hadithi ya picha inayotoka kila Jumamosi, Kikosi cha Radi, yenye mashujaa wanne na mchawi mmoja. Mimi natia wino juu ya penseli yake na kuandika maneno kwenye maputo. Dada ndiye aliyekuwa akitunga.

Nahodha Radi ana kifua cha mlango wa ghala na sura ya Shemeji alipokuwa kijana. Chuma anavunja, Kasi anakimbia, Mbawa anaruka. Mchawi ni Bibi Ukungu, naye hajawahi kumpiga mtu ngumi. Anashikilia ukuta usianguke wakati wenzake wanapigana chini yake. Anafungua mlango pasipokuwa na mlango. Vita vikiisha anawafunga majeraha, nao wanakwenda kupigwa picha na meya. Na kitu kikipotea kikosini, wa kwanza kutazamwa kwa jicho la pembeni ni yeye, si ni mchawi? Dada alimtunga hivyo kwa makusudi kabisa, akampa na uso wake mwenyewe.

Dada alipofariki, mwaka juzi, toleo la Jumamosi ile lilitoka kama kawaida. La wiki iliyofuata lilitoka bila jina lake kwenye jalada. Nilimuuliza Shemeji, akasema, "Marehemu hasaini kazi." Tangu hapo Bibi Ukungu hana uso. Shemeji anamchora amefunikwa kofia ya joho, na ndani ya kofia anaweka alama ya x. Kwetu sisi x maana yake ni moja: hapa jaza weusi. Nami najaza. Kila wiki nachukua brashi nene nauzika uso wa dada yangu kwa mkono wangu.

Leo nimeuzika tena. Wino umevuja ukatoka nje ya mstari wa kofia. Karatasi ina unyevu, hii mvua hii.

Jumanne, Machi 3

Mvua. Wino haukauki. Nimechemsha chai nikaisahau.

Alhamisi, Machi 5

Marashi amekuja kuchukua kurasa kuzipeleka mtamboni. Si jina lake, ni jina nililompa mimi, kwa kuwa harufu yake inafika ghorofani kwangu kabla yake na inabaki baada yake. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha chapa, na Shemeji anataka kumwoa. Amesema, "Pole na kazi, dada." Nimemwambia asante, kwa sauti ile ninayotumia kwa watu wanaokuja kusoma mita ya maji.

Jumamosi, Machi 7

Toleo limetoka. Binti wa dada yangu anakaa nami tangu msiba, kwa sababu baba yake "ana kazi nyingi". Amelinunua kwa pesa yake, ingawa mimi nina nakala za bure, akalisoma amelala kifudifudi kwenye kochi, miguu juu, alivyokuwa akilala mama yake. Zamani alianza kwa kumtafuta kobe. Dada hakuwa akiandika jina ndani ya kurasa. Alificha kobe mdogo mahali fulani, nyuma ya pipa au chini ya kiti cha meya, kwa sababu Shemeji alimpa utani wa kumwita Kobe, jinsi alivyokuwa akichelewesha hadithi. Watoto mji mzima walikuwa wakimtafuta yule kobe. Alitoweka wiki ile ile lilipotoweka jina.

"Mama Mdogo," ameniita, "mbona mnamziba uso Bibi Ukungu?"

"Muulize baba yako. Yeye ndiye anayeweka alama."

"Lakini wino si ni wako?"

Nimekwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa.

Jumatatu, Machi 9

Shemeji ameleta kurasa, amekunywa chai yangu, kisha akaniambia nimenenepa. Mimi! Nimemtazama akishuka ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine umeshika tumbo utadhani kabeba tikiti maji. Halafu nikamtazama Nahodha Radi pale mezani na kiuno chake cha nyigu. Nyani haoni kundule.

Basi nimechukua nibu nyembamba ya kalamu ya wino nikampa Nahodha kitambi. Kidogo tu, unene wa uzi mmoja, juu ya mkanda. Shemeji hatajua. Hafungui toleo lililochapwa hata siku moja, anadai mchoraji akitazama nyuma mkono unaganda. Kurasa zikitoka mezani kwangu zinakwenda moja kwa moja mtamboni. Mkono wa mwisho ni wangu, na miaka yote hii sikuwahi kufikiria hilo lina maana gani.

Presha leo imeshuka. Nitamwambia daktari.

Jumatatu, Machi 16

Uzi mwingine kwenye kitambi. Pia nimempunguzia nywele utosini.

Weusi ndani ya kofia. Umevuja.

Jumatatu, Machi 23

Uzi mwingine. Kidevu cha pili kimeanza. Kwa Bibi Ukungu umevuja tena, mpaka nimelazimika kusafisha kwa rangi nyeupe.

Jumamosi, Machi 28

Leo mpwa wangu amecheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama Mdogo, Nahodha anapanda ngazi anahema! Tazama, mkanda umefika tundu la mwisho!" Kisha akanitazama, akatazama nibu zangu kwenye kikombe. Ana akili yule mtoto. Akaniletea maji ya kunywa bila kutumwa.

Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Sikujua kisasi kina faida pembeni.

Alhamisi, Aprili 2

Mpiga chapa amepiga simu. Anasema wauza magazeti wanaomba nakala zaidi, watu wanampenda Nahodha kuliko zamani, wanasema sasa anafanana na waume zao. Nimekata simu nimenuna. Nilitaka wamcheke, si wampende.

Marashi alipokuja kuchukua kurasa alifungua bahasha hapo hapo mlangoni, akachungulia, akaifunga, mdomo ameubana. Bila shaka atakwenda kusema. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, Aprili 6

Mvua ya wiki nzima. Ukuta wa upande wa dirisha umetoa madoa. Nimemwambia Shemeji, "Acha ubahili, nunua karatasi nzuri. Hii inakunywa wino. Kofia yote imevuja."

"Ni mvua," alisema.

"Mbona Nahodha havuji?"

"Ni mvua, shemeji," alirudia, akavaa koti, hata chai hakumaliza. Mtu bahili akiguswa ubahili wake hukimbia hivyo.

Uzi mwingine.

Jumatatu, Aprili 13

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Shemeji amekuja bila kurasa. Amekaa kwenye kiti cha dada, kile cha kando ya dirisha ambacho hakikaliwi, akasema mwezi ujao tutatoa toleo maalumu, kurasa mara mbili, karatasi ya kung'aa.

"Hongera," nikasema.

"Bibi Ukungu anakufa."

Nilikuwa nafuta nibu. Nikaendelea kuifuta.

"Bwawa linapasuka," akaeleza, anatazama barabarani. "Yeye anashikilia ukuta. Nahodha yuko chini, amejeruhiwa. Anampa pumzi yake ya mwisho. Nahodha anaamka, yeye anageuka ukungu, basi. Toleo linalofuata anaingia shujaa mpya, Binti Kimondo. Msichana wa kisasa. Anapigana."

"Amefanana na Marashi?"

"Marashi ni nani?"

"Hakuna. Endelea."

"Ndiyo hivyo tu."

"Ni wa dada, Shemeji. Alimzaa yeye, si wewe."

"Najua ni wa nani."

"Kama unajua, mbona unamziba uso?"

Alisimama. Alikuwa na lake la kusema, nililiona limefika kooni, halafu akalimeza. "Uso wake unachukua muda mrefu," akasema. "Nina kazi nyingi."

Akashuka. Nilibaki nimeshika nibu, na nilipofungua kiganja ilikuwa imenitoboa.

Uso wake unachukua muda mrefu! Nikumbushe basi ni nani aliyekuwa hana muda. Dada alikuwa wodini, mito mitatu mgongoni, ubao wa kuandikia juu ya magoti, mkono umevimba kwa sindano. Shemeji akaja Alhamisi na mfuko wake wa kurasa, akasimama miguuni pa kitanda. Hakukaa. Akauliza, "Bado ukurasa wa mwisho, Kobe?" Nilikuwepo, nilikuwa nikimmenyea chungwa. Dada akacheka, akamalizia ukurasa, akampa. Jumapili hatukuwa naye. Na Jumamosi iliyofuata, wakati sisi bado tunapokea watu wa pole, ukurasa ule ulikuwa unauzwa barabarani.

Alimnyang'anya ukurasa wa mwisho, akamnyang'anya jina, akamnyang'anya uso. Sasa amnyang'anye na pumzi, ampe nani? Ampe Nahodha, yaani ajipe mwenyewe. Hata kwenye hadithi anataka afe akimhudumia.

Hapana. Naapa kwa chungwa lile. Anayekufa ni Nahodha.

Jumanne, Aprili 14

Presha imepanda. Nimemdanganya daktari kwamba ni chumvi.

Jumamosi, Aprili 18

Nimepanga yote. Shemeji ataleta kurasa za toleo maalumu Jumatatu ya Mei 4, Alhamisi zinakwenda mtamboni. Ukurasa wa mwisho nitaubadilisha. Bibi Ukungu atashikilia ukuta wa bwawa kama kawaida, atamtazama Nahodha chini, kisha ataishusha mikono yake. Basi. Hakuna radi wala mlipuko. Mwanamke ameshusha mikono, maji yanafanya kazi yake. Kitambi chote kile kitazama.

Nitafukuzwa kazi. Nimewaza hilo pia. Kuna duka la mabango linatafuta mtu wa kuandika herufi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mpaka siku hiyo nitakuwa mpole, nitamkaribisha Shemeji chai na sukari nitamtilia mwenyewe.

Jumatatu, Aprili 20

Nimemtilia sukari. Amenitazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoijua.

Alhamisi, Aprili 23

Marashi ameniuliza kama anaweza kungoja mvua ipungue. Nimemwonyesha kiti cha chuma. Ametazama chumba chote, meza, rafu, picha za ukutani zilizobandikwa kwenye migongo ya kalenda. Akauliza, "Kuna picha yake yoyote hapa?"

"Ya nani?"

"Ya dada yako."

Nikamwambia hakuna. Ipo, iko ndani ya droo ya nibu, lakini si ya macho yake. Mvua ilipungua akaondoka.

Jumatatu, Aprili 27

Uzi mwingine, wa mwisho kabla ya kazi yenyewe. Mpwa wangu ameuliza kama ni kweli Bibi Ukungu anakufa, wameambizana shuleni. Nimemwambia, "Mwenye macho haambiwi tazama. Ngoja utaona." Akasema, "Akifa, sitasoma tena. Na kwa Baba sitakwenda tena." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunja nguo zake za shule, akaendelea kukunja.

Nilifikiri nitafurahi kusikia hivyo. Sikufurahi.

Jumatatu, Mei 4

Kurasa zimefika. Shemeji hakuingia, amezikabidhi mlangoni. Macho mekundu, ndevu za siku nyingi. Nikasema moyoni, harusi inamchosha.

Sijazifungua. Kesho.

Jumanne, Mei 5

Umeme umekatika saa nne asubuhi, wakati nafungua bahasha. Mawingu mazito, chumba kimejaa giza mchana. Nikaivuta meza mpaka dirishani, ubavu kwa ubavu na kioo, nikauweka ukurasa wa mwisho mbele yangu nianze na ule. Kifutio kiko tayari.

Mwanga ulikuwa unaingia chini chini, kwa upande. Na mwanga wa upande unaonyesha vitu ambavyo taa ya juu yangu haijawahi kunionyesha. Ndani ya kofia ya Bibi Ukungu, chini ya ile alama ya x, karatasi ilikuwa imechimbika.

Nikainama. Penseli ilikuwa imefutwa yote, hakuna rangi, lakini mahali ilipopita pamebonyea, mistari mizuri inayojulikana, nyusi, pua, ule upande wa mdomo uliokuwa ukianza kucheka kabla ya mwingine. Ulikuwa uso wa dada. Tena haukuwa mmoja. Alikuwa amemchora akafuta, akachora juu yake akafuta, mpaka karatasi imetoa manyoya ya pamba. Nikapitisha kidole, nikasikia ulaini ule.

Kila mtu wa kazi yetu anajua, mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua: karatasi iliyofutwa sana hunywa wino. Inavuja. Na mimi, kichwa changu, nimelaumu mvua. Nimelaumu ubahili. Miaka miwili kila wiki nimeona wino unavuja mahali pamoja tu, ndani ya kofia, na sikujiuliza kwa nini.

Alikuwa anamchora. Kila Jumapili, kila fremu, alikuwa anamchora kwanza. Halafu anafuta, anaweka x, ananiletea mimi nizibe.

Nimekaa hapo mpaka mvua ikaanza tena kugonga kioo. Nilikasirika vibaya sana. Nilikuwa na kisasi changu kimenyooka, kimenolewa, na mtu huyu ananiharibia kwa kulia kwa siri. Angelia mbele yetu! Angelia mbele ya mtoto wake, anayekaa kwangu akimngoja aje hata Jumapili moja. Alimpiga kifutio dada yangu mara mia na kutuachia sisi tulie peke yetu.

Kwa hiyo sijamsamehe. Naliandika hapa wazi ili kesho nisijidanganye. Lakini Nahodha kufa maji, hapana, hiyo sasa ni adhabu ndogo. Akifa anapumzika.

Jumatano, Mei 6

Nimefanya kazi tangu asubuhi, mpwa wangu akiwa shule, meza iko dirishani, umeme ulisharudi na sikuwasha taa. Nimefuta x. Nikachukua nibu nyembamba kuliko zote na kufuata mistari yake ile iliyobonyea, mmoja mmoja, polepole, kwa kugusa tu, maana karatasi ile ukiikandamiza inavuja. Picha ya kwenye droo sikuitoa. Uso ule aliukumbuka vizuri kuliko picha.

Nimeitupa kofia nyuma. Bibi Ukungu amesimama, ukuta wa bwawa uko juu ya mikono yake, na uso wake wote uko wazi, umegeuka, unamtazama Nahodha. Kwenye puto Shemeji alikuwa ameandika kwa penseli, "Nahodha, ishi kwa ajili yetu sote." Nimeyafuta maneno hayo kwa raha ambayo sitaieleza. Nimeandika:

"Jina langu umelificha wapi?"

Fremu ya mwisho: Nahodha kakaa chini na kitambi chake, mdomo wazi, hana jibu. Ukuta unaning'inia. Bibi Ukungu hafi. Anangoja. Na karibu na buti la Nahodha nimemweka kobe.

Alhamisi, Mei 7

Marashi amefungua bahasha. Safari hii hakuchungulia, alitoa ukurasa wa mwisho wote, akausoma amesimama, maji yanatiririka kwenye mwavuli wake mpaka kwenye zulia langu.

"Hii siyo aliyonieleza," akasema.

"Siyo."

"Anajua?"

"Hajui."

Nikangoja apige simu. Kazi ya miezi yote, na uso wa dada, vyote vilikuwa mkononi mwa mwanamke huyu. Aliendelea kutazama.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Alikuwa mzuri." Akavuta pumzi. "Kule kwake nyumba nzima hakuna picha hata moja. Mwanzo nilidhani kazificha kwa kuniheshimu mimi. Kumbe dada, kushindana na mtu asiye na uso ni kazi ngumu. Kila mahali anakuwepo." Akaurudisha ukurasa, akaifunga bahasha kwa gundi, akaipiga piga kwa kiganja. "Nilikuwa nikimtafuta huyo kobe nilipokuwa mdogo kidogo kuliko binti yenu. Na kile kitambi nimekiona tangu Machi."

"Hukusema."

"Mimi kazi yangu ni kupeleka."

Amesahau mwavuli. Nimeukausha nikauweka mlangoni. Harufu yake si mbaya sana, ukishaizoea.

Jumamosi, Mei 9

Limetoka. Mpwa wangu amesoma amesimama, pale pale mlangoni. Alipofika ukurasa wa mwisho hakulia. Alimgusa kobe kwa kidole. Kisha akalifunga, akaliingiza ndani ya koti, akasema, "Nalipeleka kwa Baba."

"Mvua inanyesha."

"Najua."

Alirudi jioni, viatu vimejaa maji. Nikamuuliza, "Amesoma?"

"Amekaa chini," akasema. "Sakafuni. Kama Nahodha." Akaenda kuoga. Kutoka bafuni akapaza sauti, "Ameniuliza kama kesho anaweza kuja. Nimemwambia alete mkate."

Jumatatu, Mei 11

Jana alikuja na mkate, wakala wawili hao, mimi nilijifanya nina usingizi. Leo amekuja kwa mambo ya kazi. Ameweka toleo mezani. Nikajua nafukuzwa, nikanyoosha mgongo.

Alianza na kurasa za mwanzo. "Hiki kitambi," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Na kipara?"

"Hicho tulikianza wiki ya pili."

Akafunua mpaka mwisho. Akakaa, si kwenye kiti cha dada, kile cha chuma. Alitazama muda mrefu.

"Ulijuaje nilivyomgeuza?"

"Sikujua. Nilifuata mstari wako. Mwanga ulikuwa wa upande."

Akafunika macho kwa mkono. "Kila nikimmaliza ananiangalia," akasema. "Anauliza bado ukurasa wa mwisho. Sauti ni yangu, lakini anauliza yeye. Nikawa nafuta."

Hapo ndipo mtu mwema angemshika bega. Mimi nikasema, "Basi akuangalie. Sisi tumekuwa tukitazama weusi miaka miwili."

Alikunywa chai, nami sikumtilia sukari. Mlangoni akasimama, akauona ule mwavuli, akauchukua bila kuniuliza ni wa nani. Hakusema ataleta kurasa tena, wala hakusema hataleta.

Alhamisi, Mei 14

Hakuna kurasa. Marashi amepita mikono mitupu, kaniambia harusi imesogezwa mbele. "Nimesema mimi," akanieleza, "amalize kwanza kuomboleza, aje akiwa mzima." Nimemkaribisha chai. Amekalia kochi.

Jumatatu, Mei 18

Mvua leo ni manyunyu. Bahasha imeletwa, nimeikuta kizingitini, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Nimeifungua dirishani. Bibi Ukungu hana kofia. Uso wake upo, umechorwa mara moja tu, penseli ni safi, karatasi ni laini, sijaona mahali palipofutwa. Binti Kimondo hayumo. Nahodha Radi amesimama chini ya ukuta ule ule, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue ameinua mikono yake mwenyewe kumsaidia kuushika. Nikachukua nibu kumtilia uzi wa wiki hii. Ikaishia hewani. Kitambi kipo. Amekichora mwenyewe, kikubwa kuliko changu, na kipara, na kidevu cha pili. Hata kisasi changu ameninyang'anya, mwizi yule.

Mpwa wangu alirudi shuleni akainama begani kwangu. "Yuko wapi?" akauliza, macho yanakimbia fremu hadi fremu. Kisha akacheka. Kobe alikuwa juu ya mkanda wa Nahodha, amekaa juu ya kile kitambi, miguu inaning'inia, hana haraka. Dada hakuwahi kumchora amekaa hivyo. Huyu ni wa Shemeji.

Kwenye jalada jina la dada limerudi, chini ya lake, kwa herufi ndogo za penseli. Ndogo sana. Herufi ni kazi yangu, na nitazikuza. Wiki hii kidogo, unene wa uzi mmoja. Wiki ijayo uzi mwingine. Naye hatazami nyuma, au labda sasa atatazama, na akitazama atazikuta.

Nimeutia wino uso. Haukuvuja.